Nani aliyelipia matawi ya Nakumatt?

MWANZONI mwa Januari, 2020, wadai wa kampuni ya Nakumatt walipiga kura mjini Nairobi kuridhia kwamba kampuni hiyo ifilisiwe. Hapakuwa na kitu kikubwa kilichobaki cha kugawana. Matawi sita ya mwisho yalikuwa yameuzwa kwa kampuni ya Naivas kwa shilingi milioni 422 za Kenya, ilhali madeni yalikuwa yamevuka bilioni 30. Mtu yeyote aliyefika darasa la nne anaweza kuipiga hesabu hiyo mwenyewe. Kwa kila shilingi mia zilizodaiwa, matawi hayo yalileta shilingi moja na senti kadhaa, na hata hiyo shilingi moja ilikuwa na wenyewe waliotangulia mbele ya foleni.

Yapo mazoea katika nchi zetu ya kuandika habari za kampuni iliyokufa kama tuandikavyo tanzia ya mtu mashuhuri. Tunataja alikozaliwa, vyeo alivyoshika, ajali zilizompata, kisha tunamwombea mapumziko mema. Nakumatt imeandikiwa tanzia nyingi za namna hiyo. Makala haya hayana nia ya kuongeza nyingine. Nia yake ni kuuliza swali moja ambalo tanzia zile ziliona haya kuliuliza, nalo ni hili: matawi yote yale, zaidi ya 60 katika nchi nne, yalijengwa kwa fedha za nani?

Hapana budi tuanze na asili yake. Jina lenyewe ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya magodoro ya Nakuru. Katika mji huo wa Bonde la Ufa ndiko familia ya Shah ilikofanya biashara ya magodoro kabla ya kuingia katika biashara ya maduka makubwa ya kujihudumia. (Ni ajabu ya historia kwamba Tuskys, mshindani wao mkubwa, nayo ilitoka Nakuru, na kampuni yake iliandikishwa kwa jina la magodoro vile vile. Atakayeandika historia ya biashara ya rejareja nchini Kenya itampasa aanzie kitandani.) Chini ya uongozi wa Atul Shah duka hilo lilihamia katika vitongoji vya watu wenye kipato jijini Nairobi, likafungua milango usiku na mchana, likawapa wateja kadi za kukusanyia pointi, na nembo yake ya tembo ikawa alama ya maisha ya kisasa kwa tabaka jipya la wafanyakazi wa ofisini.

Mwaka 2008 Nakumatt ilivuka mpaka kwa mara ya kwanza, ikafungua tawi Kigali. Mwaka 2009 ikafika Kampala. Mwaka 2011 ikaingia Tanzania kwa kufungua duka mjini Moshi, na mwaka 2014 ikachukua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini yaliyokuwa Dar es Salaam na Arusha. Watu wengi walifurahi, na mwandishi huyu hakuwa miongoni mwa waliokataa kufurahi. Ilikuwa kampuni ya Afrika Mashariki iliyokuwa inachukua nafasi ya kampuni ya Makaburu wa zamani, na wakati viongozi wetu walipokuwa wanazungumza habari za soko la pamoja mikutanoni, tembo huyu alikuwa tayari analitembelea kwa miguu yake.

Sasa turudi kwenye swali. Duka kubwa la aina hii halina desturi ya kununua bidhaa kwa fedha taslimu. Hupokea bidhaa, hutia mhuri kwenye ankara, kisha huahidi kulipa baada ya siku 30, au 60, au 90. Mteja naye halipi baada ya siku 90. Mteja hulipa palepale, mbele ya mashine ya kuhesabia fedha. Mkate uliopokelewa asubuhi huwa umekwisha kuuzwa kabla ya magharibi, na fedha ya mkate huo hukaa mikononi mwa mwenye duka kwa muda wa miezi miwili au mitatu kabla ya kumfikia mwenye tanuri.

Kwa maneno mengine, mwoka mikate amemkopesha mwenye duka. Hakuweka saini mkataba wa mkopo, hakupewa riba, hakupewa rehani, na pengine hata hajui kwamba yeye ni mkopeshaji. Lakini ni mkopeshaji. Na pamoja naye wamo mwenye ng'ombe wa maziwa, mkulima wa nyanya, mwenye kiwanda kidogo cha sabuni na mfuga kuku.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo hili lieleweke vizuri. Tuseme yupo mama mmoja katika miteremko ya Meru, mkoani Arusha, anayepeleka mboga dukani kila siku zenye thamani ya shilingi laki moja. Duka limeahidi kumlipa baada ya siku 90. Katika siku hizo 90 atakuwa amekwisha kupeleka mboga za shilingi milioni tisa kabla hajaona hata senti ya siku ya kwanza. Shilingi milioni tisa za mama huyu zimo ndani ya duka kila siku ya mwaka. Zikilipwa za zamani, mpya zimeingia. Mbegu, mbolea, dawa na vibarua hulipwa kutoka mfukoni mwake au kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, na mkopo huo, tofauti na ule aliolipa duka, una riba.

Katika hili bado hatujaona dhambi. Biashara ya mkopo ni ya zamani kuliko maduka haya, na hata mwenye kioski hukopa katoni za soda. Tatizo huanza pale mwenye duka anapogundua kwamba fedha hizi zinazopita mikononi mwake zinaweza kufanya kazi nyingine. Akifungua tawi jipya, wauzaji wote watalijaza kwa mkopo, maana hakuna anayetaka rafu yake ishikwe na mshindani wake. Siku ya kwanza tu ya kufunguliwa, tawi hilo litaanza kuingiza fedha taslimu, na ankara zake hazitaiva mpaka miezi mitatu ipite. Fedha hizo zaweza kulipa ankara zilizoiva za tawi la zamani, kulipia mapambo ya tawi lijalo, au kufidia hasara ya tawi lisilofanya vizuri. Wakati huohuo wenye majumba makubwa ya maduka walikuwa wanashindana kumpata kama mpangaji wao mkuu, kwa kuwa wapangaji wadogo humfuata yeye.

Kwa hiyo kampuni inayoendelea kufungua matawi haiwezi kusikia kiu. Hata kama inapata hasara, fedha za matawi mapya huificha hasara hiyo. Ni kama mtu anayeendesha baiskeli, ambaye haanguki maadamu anakanyaga. Ndiyo maana waliokuwa wakiyahesabu matawi ya Nakumatt na kuyaona yanaongezeka kila mwaka walidhani wanahesabu nguvu zake. Na kwa kuwa ilikuwa kampuni ya binafsi, isiyouza hisa zake katika soko la mitaji, haikulazimika kuchapisha hesabu zake gazetini. Mkulima wa nyanya aliyekuwa anaikopesha hakuwa na haki ya kuona kitabu chochote. Benki iliyoikopesha iliweza kuviona, na iliweza kudai rehani.

Wapo wanaosema kwamba Nakumatt iliuawa na bahati mbaya. Ni kweli kwamba iliandamwa na misiba ambayo ingeweza kulivunja moyo shirika lolote. Tarehe 28 Januari, 2009, tawi lake la katikati ya jiji la Nairobi liliungua, na watu wapatao 29 wakapoteza maisha. Malalamiko kwamba milango ilifungwa ili kuzuia wizi hayakusahaulika kwa urahisi. Tarehe 21 Septemba, 2013, magaidi wa Al-Shabaab waliingia katika jumba la Westgate, wakaua watu 67, na sehemu ya jumba ambamo Nakumatt ilikuwamo ikabomoka. Hakuna mwenye utu atakayezitaja siku hizo kama takwimu za biashara. Lakini yafaa tuseme ukweli. Baada ya moto ule kampuni iliendelea kupanuka kwa miaka kadhaa, na mwaka 2015 ilirudi Westgate kwa shangwe jumba lilipofunguliwa upya. Kampuni hii iliweza kuyastahimili mashambulizi. Kilichoishinda ni ankara zilizokuwa ndani ya makabati yake yenyewe.

Wengine wanasema ni ushindani wa kigeni, yaani kuingia kwa Carrefour nchini Kenya mwaka 2016. Hoja hii nayo haisimami vizuri. Naivas na Quickmart, kampuni za Kenya, zilikua katika miaka hiyohiyo, mbele ya Carrefour huyohuyo. Shoprite iliyoingia Kenya mwaka 2018 ilifungasha virago baada ya muda mfupi, na Choppies ya Botswana vivyo hivyo. Ugeni peke yake haukumpa mtu ushindi. Carrefour ilichukua nafasi ambazo Nakumatt ilikuwa imekwisha kushindwa kuzilipia pango, kama lile jumba la Thika Road na lile la Junction jijini Nairobi, na baadaye jumba la Oasis mjini Kampala.

Mambo yalivyokwenda mwaka 2017 yalithibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa wa fedha za wauzaji. Malipo yaliyocheleweshwa yalifanya baadhi ya wauzaji wasimamishe kupeleka bidhaa. Rafu zikaanza kuonyesha mbao. Mteja aliyekosa unga leo na sukari kesho akahamia kwingine, na fedha taslimu zikapungua, na zilipopungua wauzaji wengi zaidi wakasimama. Wenye majumba wakadai kodi za pango, madalali wakaingia, matawi yakafungwa moja baada ya jingine, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam. Wafanyakazi, ambao wakati wa neema walizidi 5,000, walianza kusubiri mishahara kama wauzaji walivyokuwa wakisubiri ankara. Pakawa na mpango wa kuungana na Tuskys, ukavunjika. Januari, 2018, Mahakama Kuu ya Kenya iliikabidhi kampuni kwa msimamizi, Peter Kahi, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, ambayo ilikusudiwa kuzipa kampuni nafasi ya kupona badala ya kuuzwa vipande vipande. Miaka miwili baadaye ndipo ikapigwa kura niliyoitaja mwanzoni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe, yaani foleni. Kampuni inapofilisiwa, wadai hawapokelewi kwa usawa. Mbele husimama mwenye rehani, ambaye kwa kawaida ni benki. Hufuata gharama za ufilisi wenyewe, kisha mishahara ya wafanyakazi hadi kiwango kilichowekwa na sheria, kisha kodi za serikali. Nyuma kabisa, pamoja na wote wasiokuwa na rehani, husimama mwoka mikate na yule mama wa mboga. Wao ndio waliozijaza rafu, na bila rafu zilizojaa benki isingekubali kukopesha hata shilingi moja. Na bado wanatajwa mwisho, wakati sahani imekwisha kulambwa.

Kuna uchungu mwingine ambao hautajwi mara nyingi. Nchini Kenya kodi ya ongezeko la thamani hudaiwa kufuatana na ankara, na hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hivyo muuzaji aliyeandikishwa kulipa kodi hiyo alitakiwa kuipeleka serikalini miezi kadhaa kabla ya duka kumlipa, na duka lilipokufa alijikuta ameilipia serikali kodi juu ya fedha ambayo hakuipata. Sheria inampa njia ya kuomba arudishiwe, lakini ni njia ya miaka, na mwenye kiwanda kidogo huhesabu maisha yake kwa wiki.

Msomaji wa upande wetu wa mpaka anaweza kusema kwamba haya ni ya Wakenya. Siyo. Oktoba, 2015, Uchumi, kampuni nyingine ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda kwa mpigo mmoja. Miaka miwili baadaye ikafuata Nakumatt. Muuzaji wa Dar es Salaam aliyekuwa akiyahudumia maduka yote mawili alipigwa mara mbili kabla jeraha la kwanza halijapona. Naye alikuwa na shida ambayo mwenzake wa Nairobi hakuwa nayo. Tawi lililokuwa linapokea bidhaa zake lilikuwa hapa, lakini maamuzi, vitabu vikuu, msimamizi na mahakama vilikuwa Nairobi. Soko lilivuka mpaka kwa urahisi, lakini haki yake ilitakiwa ikate tiketi ya basi.

Habari ya Uchumi ina somo ambalo baadhi yetu hatutalipenda. Kampuni hiyo haikuanzishwa na familia ya wafanyabiashara. Ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali ya Kenya, kwa shabaha ya kuwafikishia wananchi bidhaa muhimu kwa bei ya haki, katika miaka ileile ambapo wazee wetu huku walikuwa wanahangaika na maduka ya vijiji na kampuni za biashara za mikoa. Baadaye iliuza hisa kwa umma. Mwaka 2006 ilifungwa kwa sababu ya madeni, serikali ikaifufua, na ilipopata nguvu ikapanuka tena mpaka nje ya nchi kwa desturi ileile ya kuwacheleweshea wauzaji malipo, ikaanguka tena. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba dawa ni kubadilisha jina la mwenye duka. Duka la umma, duka la familia na duka la wenye hisa, yote matatu yaliugua ugonjwa mmoja.

Kenya imejifunza kitu, na ni haki kuisifu. Mwishoni mwa mwaka 2019 sheria yake ya ushindani ilirekebishwa ili kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kuhesabiwe kuwa ni matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi, na mamlaka ya ushindani ikapewa uwezo wa kuingilia. Mwaka 2020 Tuskys ilipoanza kuyumba mamlaka hiyo iliiagiza ilipe wauzaji wake. Tuskys ilikufa hata hivyo. Kwa maoni yangu sababu ni kwamba agizo lilifika wakati mgonjwa amekwisha kukata kauli. Sheria inayongoja malalamiko itachelewa daima, kwa kuwa muuzaji mdogo haendi kumshitaki mnunuzi wake mkubwa mpaka awe amekwisha kumpoteza.

Linalohitajika ni siku maalumu iliyoandikwa katika sheria. Bidhaa zinazooza, kama mboga, maziwa, mkate, nyama na samaki, zilipwe ndani ya siku 30, bila nafasi ya mkataba wowote kusema vinginevyo, na siku ikipita riba ianze kuhesabiwa yenyewe bila mtu kwenda kuomba. Duka lenye matawi zaidi ya idadi fulani litangaze kila nusu mwaka kiasi linachodaiwa na wauzaji na umri wa madeni hayo, hata kama ni mali ya mtu na mkewe. Mwenye kukopesha ana haki ya kujua anamkopesha nani. Na katika ufilisi, mwenye chakula aliyeuza katika miezi mitatu ya mwisho asogezwe mbele, asimame karibu na mfanyakazi, kwa maana naye ameuza jasho lake.

Wenye maduka watasema kwamba masharti haya yatapandisha bei kwa mlaji. Yawezekana kidogo. Lakini bei ile nafuu haikutoka hewani. Ilichangiwa na mkulima kwa nguvu, na mwaka 2017 tuliona alivyorudishiwa mchango wake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2006, na inayo mamlaka ya kuisimamia. Kanuni ya siku za malipo ikiandikwa huko, itamlinda muuzaji wa Kigali, wa Kampala na wa Moshi kwa maneno yaleyale, na duka litakalovuka mpaka litaikuta imekwisha kutangulia. Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, na Bunge lake liko Arusha. Arusha vile vile ndiko lilikokuwa mojawapo ya matawi yaliyofungwa. Waheshimiwa wabunge wakitaka kuwasikiliza waliowahi kupeleka nyanya katika tawi hilo, hawatahitaji posho ya safari.